Wati Ngapi, Mzee?

Aaah, jamani! Mimi nimeshafikia mahali nasema, Mungu akitaka kumjaribu mtu wa Ugweno hamletei nzige wala ukame. Anamletea mzigo wa bure kutoka Ulaya. Bure, eti. Mchm!

Hapa kijiweni kwetu Kifula, kwenye gogo ambalo makalio yetu yameshalilainisha kuliko randa ya seremala, tumeona vituko vingi. Tumeona mtu anajenga nyumba ya kifahari kilimani halafu gari lake linalala kwa jirani kwa kukosa njia. Tumeona friji la milango miwili likitunzia mashuka. Lakini hili la mstaafu wetu na amplifaya limetumalizia kahawa na maneno, na hivi ninavyokusimulia bado halijaisha.

Unajua watani zetu wanavyotusema. Mpare, wanasema, atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tukisikia tunanuna, tunasema wana wivu hao. Tunapanga na majibu ya kuwajibu. Halafu katikati ya kupanga anatokea mwenzetu kama huyu mstaafu, na majibu yote yanatuyeyukia mdomoni.

Ilikuwa hivi. Mkwe wake anaishi Uingereza. Alikuwa anahama nyumba, akampigia simu baba mkwe: nina spika mbili nzuri sana za zamani, nitazipakia kwenye kontena. Mzee akaitikia mara tatu kabla kijana hajamaliza sentensi. Miezi ikapita, mzigo ukafika bandarini, ukafika Mwanga, na kutoka Mwanga ukapanda mlima juu ya keria la Kosta, umefunikwa turubai, umekaa sambamba na gunia la perege kutoka Nyumba ya Mungu. Ulipoteremshwa hapa ulikuwa unanuka bwawa zima.

Turubai likafunuliwa. Tukanyamaza. Ndugu zangu, spika tunazijua sisi. Spika ni sanduku, lina duara linalotikisika, na kama mambo ni mazuri duara hilo lina taa za bluu na kijani. Hizi hazikuwa na duara. Zilikuwa mbao mbili pana zilizopinda kidogo, kimo cha kiunoni, usoni zimefunikwa wavu wa chuma, zimesimama juu ya vimiguu vya mti. Mmoja akasema ni vitanda vya watoto. Mwingine akasema ni milango ya banda la kuku la Kizungu. Mama yake mzee mstaafu, bibi yetu sote, ndiye aliyekata shauri. Unajua baridi yetu ya mwezi wa saba, ukungu unapoingia hadi chini ya blanketi. Bibi akavuta kigoda chake, akakaa mbele ya ile spika, akanyoosha viganja. Akasema mkwe huyu ana akili, ameleta jiko la umeme la kuota moto.

Tukacheka. Kumbe hata huko Uingereza kwenyewe watu walikuwa wanazifananisha na hita ya sebuleni! Bibi hakukosea sana, ila tu moto hautoki.

Mwalimu wetu mmoja wa fizikia, naye mstaafu, ndiye aliyetufumbua macho. Akasoma kibao nyuma: Quad. Akapigapiga ulimi. Akasema hizi ni spika za umemetuli, alizitengeneza mhandisi Mwingereza, Peter Walker, kule mji wa Huntingdon, zikaingia sokoni mwaka 1957. Ndani hamna koni, hamna sumaku, hamna koili. Kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umetundikwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Utando unajazwa umeme unaokaa tu, hautembei. Muziki unapopita kwenye zile sahani, utando unavutwa huku, unasukumwa kule, na hewa inatikisika. Ndiyo sauti hiyo. Akataka kutuonyesha kwa mfuko wa rambo na kitana, lakini tangu marufuku ya Juni 2019 rambo utaipata wapi? Ikabidi tumnunulie biskuti ili tupate karatasi ya ndani. Akasugua kitana kwenye nywele chache alizobakiza, akakisogeza, karatasi ikaruka ikanata. Watu wakapiga makofi kama wako kwenye mazingaombwe.

"Na umeme wenyewe ni volti ngapi?" akauliza mtu.

"Upande wa besi, kama 6,000."

Bibi alikirudisha kigoda chake jikoni bila kuombwa.

Sasa hapa ndipo upumbavu wetu unapoanza, na nasema wetu kwa sababu nami nilikuwepo na nilichangia. Spika hizi hazilii zenyewe. Unazichomeka ukutani zipate huo umeme wa kujaza utando, halafu bado zinataka amplifaya ya kuzisukuma. Mstaafu akakohoa, akatuuliza: wazee, amplifaya ya bei nafuu ni ipi?

Loo! Ungeuliza nani ana dawa ya mgongo usingepata wajuzi wengi namna ile. Kijana wa bodaboda akasema chukua sabufa, zipo za wati 3,000, zina rimoti na bluututhi na pa kuchomeka flashi. Kijana wa muziki wa harusi akasema sabufa ni uchafu, yeye ana mashine inayosikika hadi Usangi. Shemeji yangu mmoja aliyewahi kuishi Kariakoo miezi minne, na ambaye tangu hapo ni mjuzi wa kila kitu kinachouzwa duniani, akasema kitu cha Mjapani tu, mtumba, hakifi. Mimi, Mungu anisamehe, nikasema angalia yenye taa nyingi.

Fundi redio wetu alikuwepo. Alikuwa anakunywa kahawa. Aliuliza swali moja tu: "Wamekutumia na amplifaya yake?" Mzee akasema hapana, akaangalia pembeni. Hilo la kuangalia pembeni tuliliona, hatukulielewa. Kumbuka hapo.

Basi akaanza na sabufa. Laki na nusu akaihesabu kwa kulamba kidole, kila noti akiiaga. Boksi limeandikwa PMPO wati 3,000 kwa herufi za moto. Nikuulize, na wewe umeliona boksi hilo, usijifanye: umewahi kugeuza mashine yenyewe ukasoma kijibati cha nyuma? Fundi aliigeuza. Kimeandikwa mashine inakula wati 60. Sasa niambie, ng'ombe anayekula debe moja la majani atatoa wapi madebe hamsini ya maziwa? Wati zinazotoka haziwezi kushinda zinazoingia, bwana, hata uandike kwa dhahabu. Hiyo PMPO ni hesabu ya mpasuko wa kufumba na kufumbua ambao hakuna sikio litakaloufaidi, na wengine hata hiyo hawajaipima, wanaandika tu inavyopendeza. Lakini sisi tunanunua namba. Mtu akinunua redio swali la kwanza mtaani ni wati ngapi. Hakuna anayeuliza inaimbaje.

Mzee akaunga. Akafungua trebo hadi mwisho, maana kila mwenye redio Tanzania lazima afungue trebo hadi mwisho na besi hadi mwisho, vinginevyo anaona kama ameibiwa. Kwaya ikaanza. Ilikuwa sauti ya ajabu, wallahi, kwa muda wa beti moja na nusu. Halafu ikaja harufu.

Fundi akatueleza baadaye kwa mfano wa mlima wetu, na sijasikia maelezo bora. Spika ya kawaida, alisema, ni kama kubeba mzigo kwenye tambarare ya pale Mwanga. Pana mabonde na vijilima, lakini unajua unachokibeba. Spika ya umemetuli ni mzigo huohuo ukipanda nao huku kwetu. Kwenye besi njia ni ya taratibu. Kadiri noti zinavyopanda juu, zile za sauti za akina mama wa kwaya na matoazi, mlima unasimama wima, kwa sababu ile spika kwa tabia yake ni kapasita kubwa, na kapasita noti zikipanda ukinzani wake unashuka. Huko juu kabisa unafika karibu omu 2 tu. Mashine imeandikwa omu 4 hadi 8, nawe unaipandisha huko, na trebo umeifungua yote! Inahema, inatetemeka, inachemka, inakata roho. Nyingine haziungui, zinaanza kupiga mluzi zenyewe kwa ndani, mluzi ambao sikio halisikii lakini transista inasikia.

Je, mzee alisikiliza? Mchm. Alisikia kwamba sabufa ni mbovu. Akapanda gari hadi Moshi kutafuta Mjapani.

Na Mjapani alimpata. Elfu tisini, mtumba, uso wa fedha, vishikio vya kuzungusha vinazunguka kama vimepakwa siagi, kizito, nyuma maandishi ya Kijapani yaliyojipanga vizuri. Alikibeba mapajani njia nzima, hakukubali kiwekwe keria. Plagi yake ina vimeno viwili bapa, akanunua kiunganishi cha elfu moja. Tukakusanyika. Akachomeka. Kukatoka mlio mdogo tu, kama mtu mzima anapokanyaga mwiba akajikaza, halafu moshi mweupe ukapanda kwa utulivu kupitia vile vitundu vya juu.

Kule Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Katikati ya yale maandishi yasiyosomeka palikuwa na namba moja tu inayosomeka na kila mtoto wa darasa la kwanza, 100V, na wazee saba wenye miwani tuliiangalia tukaisifu. Kilihitaji transfoma ya kupunguza umeme, ya elfu arobaini hivi. Mwuzaji alimwambia, mzee mwenyewe alikiri baadaye. Lakini alidhani anataka kumwongezea bei.

Hapo ungesema mtu atakaa chini apumue. Nani? Jumamosi ile tunasikia kelele za kuburuza, kijana wa muziki wa harusi anaingiza mashine yake sebuleni. Elfu thelathini ya kukodi, kwa majaribio. Wati za kweli hizo, si za boksi. Fundi alikuwa anapita zake barabarani na jembe begani. Alivyoona waya unaelekea zile spika alitupa jembe. Nakuambia mtu mzima na heshima zake aliruka ua. Alifika tayari noti ya kwanza imepigwa na ndani ya spika ya kushoto kumelia tak! na kajicho ka zambarau kamepepesa nyuma ya wavu. Akachomoa waya kwa nguvu.

Spika hizi, akasema akihema, zilizaliwa kwenye zama za mashine za valvu za wati 15. Quad wenyewe walikuwa nayo tangu 1953, wati 15, basi, na watu wazima walikaa nayo sebuleni wakaridhika. Ukizipelekea volti nyingi kupita kiasi, umeme unaruka kutoka sahani hadi kwenye utando, unautoboa, na utando ukitoboka hakuna kiraka. Ile cheche moja, akasema, ilikuwa salamu. Ya pili ingekuwa tanzia.

Unaona raha ya mambo haya? Mashine ndogo inaungua kwa kuwa dhaifu, mashine kubwa inaua kwa kuwa na nguvu, na katikati ndipo kilipo kitu mzee anachokitafuta kwa elfu mbilimbili. Anatakiwa apate amplifaya ya wati chache lakini yenye kifua. Isiyoogopa omu 2, isiyopiga mluzi, na yenye transfoma ya chuma cha maana. Ndiyo maana fundi akinunua anainua kwanza. Anainua kama unavyoinua mbuzi mnadani. Chuma hakidanganyi, na sisi Wagweno tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa kwenye chuma. Hii ni nchi ya Washana, wahunzi waliotawala hapa kabla Wasuya hawajawapindua, chuma cha milima hii kimelima mashamba ya watu wa mbali. Leo mjukuu wao ananunua mashine nyepesi kama boksi la viatu kwa sababu ina taa.

Mimi nilijitetea kwamba taa zilikuwa wazo tu.

Usiku ule fundi akaona huruma. Akaenda kwake, akarudi na kimashine kizee cha rangi ya majivu, hakina taa hata moja, wati zake hata ishirini hazifiki. Akafuta masizi kwenye zile spika kwanza, maana zilikuwa zimewekwa ukuta mmoja na jiko la kuni, na kitu chenye umeme kama ule kinavuta vumbi na moshi kama asali inavyovuta nyuki. Akazisogeza mbali na ukuta, akafunga dirisha la ukungu, kwa sababu unyevu nao unaunyonya umeme wa utando. Akaweka gitaa la Mbaraka Mwinshehe.

Ndugu yangu. Mbaraka alifariki kwa ajali mwaka 1979. Usiku ule alikuwa amekaa kati ya zile mbao mbili, tena si kwenye mbao, katikati, hewani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ulisikia kucha inagusa uzi. Ulisikia mtu wa rumba nyuma yake akihema. Bibi alitoka jikoni akauliza nani amekuja na mbona hajakaribishwa uji.

Lakini sisi ni sisi. Spika hizi zinalenga sauti kama tochi, zinamwangaza vizuri mtu mmoja aliyekaa katikati, wengine mnabaki na makombo. Kiti cha katikati ni kimoja. Wazee wenye wajukuu tuligombea kile kiti kama watoto wanaogombea ukoko wa makande. Mmoja alikaa nyimbo tatu, akajifanya amelala. Na kijana wa bodaboda, aliyesimama mlangoni, akangoja hadi kimya kizuri kabisa kati ya wimbo na wimbo, akasema, "Mbona haina besi?"

Asubuhi fundi akabeba kimashine chake. Mzee akamwekea bei, fundi akasema hakiuzwi, cha baba yake.

Basi tukakaa kijiweni kupiga hesabu. Sabufa laki na nusu. Mjapani elfu tisini. Kukodi elfu thelathini. Nauli za Moshi na kiunganishi na soda za waliokuja kushangilia. Karibu laki tatu, ndugu msomaji, na nyumbani kwa mtu hakuna kinacholia isipokuwa kuku. Ndipo fundi akarudi kwenye lile swali lake la siku ya kwanza. Akamtazama mzee machoni. Hawa watu wa Quad, akasema, mwaka 1967 walitoa amplifaya yao ya transista, wanaiita 303, ndogo kama tofali, kwa umeme wake haiwezi hata kuzitoboa spika hizi, na watu huzitumia pamoja hadi leo. Mkwe wako aliyetunza spika namna ile, hakuwa nayo?

Mzee akapangusa miwani. Akaipangusa tena.

Alikuwa nayo! Jamani, alikuwa nayo! Mkwe alimwambia kwenye simu ileile ya kwanza. Alimwambia, baba, kuna na amplifaya yake, ila hii ni nzito, karibu kilo nane, mchango wako kwenye kontena utaongezeka elfu themanini. Na baba akajibu, namnukuu kwa aibu ya ukoo mzima, "Hiyo iache mwanangu, huku zimejaa."

Elfu themanini! Kuku huyo sasa. Ng'ombe keshachinjwa, keshaliwa, ngozi imeshawambwa ngoma.

Nasikia kontena jingine halipo karibuni. Kwa ndege, mkwe alisema jana, ni kama laki tatu na nusu kwa sababu ya uzito. Tulikuwa tumekaa hapa hapa kwenye gogo, simu imewekwa sauti ya nje, wote tumetega masikio, fundi kikombe hewani. Mzee akafikiri kwa muda mrefu. Tukaona uso wake umepata nuru, tukadhani sasa anakubali. Akauliza kinachofanya iwe nzito namna hiyo ni nini hasa. Mkwe akamjibu kwa adabu zote, baba, ni ile transfoma ya chuma ndani.

"Sasa mwanangu," akasema mzee, akishusha sauti kama anayefichua siri ya biashara, "huwezi kuitoa hiyo ikabaki huko, ukanitumia hayo mengine?"